Nyumba ya mzee mwenye demensia (Kampala)

Nyumba ya mzee mwenye demensia ni makazi yaliyopangwa ili mzee anayepoteza kumbukumbu aishi kwa usalama na heshima. Jijini Kampala wazee wengi hutunzwa na familia. Yapo pia makao ya Mapeera Bakateyamba, Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutembelewa na Papa Fransisko mwaka 2015.

Kwa kuwa jiji limejengwa vilimani, ngazi za nyumba ya mzee huhitaji vishikio na kingo za rangi tofauti. Sakafu iwe ya rangi moja, isiyong'aa. Njia ya chooni iwe na taa usiku. Sigiri yenye moto iwe mbali na mzee. Vitu alivyovizoea hubaki palepale, kwani mazoea hudumu kuliko kumbukumbu mpya.