Neno "Kinga" na Mgonjwa wa Uluguru

Wafasiri wa mambo ya tiba wamezoea kulitumia neno kinga kana kwamba maana yake ni moja tangu mwanzo. Historia yake yaonyesha vingine, na kwa mgonjwa wa dharura tofauti hiyo yaweza kugharimu uhai.

Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, kinga ilikuwa ni vitendo: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka vichaka. Muongo uliofuata ukaja ugonjwa uliogunduliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, nao ukaitwa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Hapo kinga ilitoka mikononi mwa mtu ikaingia katika damu yake. Ikawa mali ambayo hasara yake ni kupungua tu. (Ufupisho huo umeufundisha umma elimu ya mwili kuliko vitabu vingi vya shule.)

Kisha likaenea neno kingatiba. Katika vijiji vya milima ya Uluguru, ambako inzi wa usubi huzaliana katika mito iendayo kasi, kingatiba ni vidonge vya ivamektini, ambavyo watengenezaji wake waliahidi mwaka 1987 kuvitoa bure. Mtu hupimwa kimo, humeza vidonge, hurudi shambani. Akiwashwa mwili siku mbili tatu, hakuna anayeshtuka.

Tangu mwaka 2011, Marekani ilipoidhinisha ya kwanza, zipo dawa za saratani zinazoifungulia kinga ya mwili iushambulie ugonjwa. Ni ghali, na nchini bado ni chache. Hutolewa kwa dripu katika kliniki ya wagonjwa wa nje, na mgonjwa hulala kwake. Wiki au miezi baadaye kinga hiyo yaweza kuzigeukia tezi: ya shingoni, ya chini ya ubongo, au zilizo juu ya figo. Homoni ya kotisoli ikikosekana, mgonjwa hulegea, hutapika, na shinikizo la damu hushuka.

Tuseme mgonjwa ametibiwa hivyo Dar es Salaam akarudi Mgeta. Akieleza zahanati kwamba anatumia "tiba ya kinga", mganga atasikia kingatiba. Atampima malaria na kumruhusu aende. Kumbe alihitaji haidrokotisoni, miligramu 100 kwa sindano, pamoja na maji ya chumvi kwa dripu, bila kungoja majibu ya maabara.

"Tiba ya kinga" ni tafsiri aminifu, neno kwa neno, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Sisi twapendekeza "tiba ya kufungulia kinga", maana kilichofunguliwa, kama mbwa wa ulinzi, chaweza kumrukia hata mwenye nyumba. Neno tezi nalo lataka uangalifu: wengi hulielewa kuwa ni uvimbe, na mgonjwa wa saratani akiambiwa ana matatizo ya tezi atadhani ugonjwa umerejea. Yafaa aambiwe kwamba mwili umepungukiwa homoni.

Kadi ya mgonjwa iandikwe hivi: "Mwenye kadi hii ametibiwa kwa dawa ya kufungulia kinga. Akilegea au kutapika, adhaniwe kukosa kotisoli hadi ithibitike vingine."