Aliyeshuka kilo saba kumfuata Gable

Jumamosi ya Machi 28, 1970, ukumbi wa McGaw wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Evanston kaskazini mwa Chicago, ulijaa watu waliojua matokeo kabla ya mchezo kuanza. Ilikuwa fainali ya mieleka ya vyuo vya Marekani, uzito wa pauni 142, takriban kilo 64. Dan Gable wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa hakuwa amepoteza pambano lolote la shule wala la chuo tangu aingie sekondari. Alikuwa ameshinda mara 181 mfululizo. Gable mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya fainali, televisheni ya ABC ilimrekodi akiwakaribisha watazamaji waje kumwona akimaliza masomo na ushindi wa 182 bila doa.

Mpinzani wake aliitwa Larry Owings, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Dakika chache baadaye ubao ulisomeka 13 kwa 11, na mshindi hakuwa Gable.

Kila Machi, wiki kadhaa kabla ya mashindano hayo, wachambuzi wa Marekani hupanga wanamieleka wa kila uzito: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa kuchungwa. Kwa kawaida orodha hizo husomwa kama utabiri. Historia ya pauni 142 mwaka 1970 inaonyesha kwamba zina kazi nyingine. Zinamtaja mtu mmoja kuwa ndiye wa kushindwa, na kwa kumtaja zinamwonyesha kila mwenye njaa mahali pa kumkuta.

Mieleka isiyo na kamba

Msomaji wa hapa akisikia mieleka ya Marekani, akili inamwendea Brock Lesnar na Kurt Angle, na viti vinavyovunjwa migongoni mwa watu. Kabla ya umaarufu huo, wote wawili walikuwa wanafunzi wa vyuo. Angle alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1990 na 1992 akiwa Clarion, jimboni Pennsylvania, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Lesnar, akiwa Minnesota, alipoteza fainali ya 1999 kwa Stephen Neal, 3 kwa 2, na kurudi mwaka uliofuata kuchukua taji.

Huko chuoni hakuna kamba wala maigizo. Wawili hukutana juu ya zulia lenye duara. Anayemwangusha mwenzake na kumdhibiti anapata pointi. Aliye chini akichomoka naye anapata yake, na akigeuza mambo akawa yeye juu, anapata zaidi. Ukimwelekeza mwenzako mgongo chini kwa sekunde chache, refa anahesabu na kukupa pointi nyingine. Mabega yake yote mawili yakigandamizwa kwenye zulia, mchezo umekwisha hata kama alikuwa anaongoza kwa pointi kumi. Kuna pia saa ya pembeni: anayemtawala mwenzake akiwa juu kwa muda unaozidi wa mwenzake kwa dakika moja, hupewa pointi moja mwishoni.

Mashindano ya taifa yalianza mwaka 1928 mjini Ames, Iowa, yalipo makao ya chuo cha Gable. Leo yana madaraja kumi ya uzito, kuanzia pauni 125 hadi 285. Kila daraja lina wanamieleka 33, na wote 33 hupewa namba kwa mpangilio wa ubora. Namba moja hukwepeshwa kwa makusudi asikutane na namba mbili mpaka fainali.

Jambo linalosahaulika ni kwamba daraja huchaguliwa. Kijana mwenye kilo 70 anaweza kujikausha ashuke, au kula apande. Kwa hiyo kila msimu, ratiba ya mashindano inapotoka, nusu ya vita imeshapiganwa kwenye mizani.

Kijana wa Waterloo

Gable alizaliwa mwaka 1948 mjini Waterloo, Iowa, jimbo la mahindi ambako mieleka ya shule hujaza kumbi kama mpira wa miguu unavyojaza viwanja vyetu. Mwaka 1964, Gable akiwa na miaka 15, dada yake wa pekee aliuawa nyumbani kwao. Wazazi walitaka kuihama nyumba. Kijana akawasihi wabaki, akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha dada yake. Tangu hapo, waliomjua walisema, alifanya mazoezi kama mtu anayedaiwa.

Sekondari alimaliza akiwa ameshinda 64 na hajapoteza. Chuoni alikaa mwaka wa kwanza nje, kwa kuwa wanafunzi wapya hawakuruhusiwa kuchezea timu kuu. Alipoanza, alitwaa ubingwa wa 1968 kwenye pauni 130, na wa 1969 kwenye pauni 137. Mwaka 1970 madaraja yalibadilishwa kidogo, akaingia 142. Wapinzani wake wengi waliingia ulingoni wakitafuta kushindwa kwa heshima. Wengine walihamia madaraja ya jirani, wakaona heri kuwa wa kwanza kwingine kuliko wa pili kwa Gable.

Owings alifanya kinyume. Alikuwa kijana wa Oregon, na mwaka 1968, akiwa ametoka tu sekondari, alikutana na Gable katika mchujo wa timu ya Olimpiki na kuchapwa 13 kwa 4. Kipigo hicho alikitunza. Alishuka kutoka pauni 158 hadi 142, zaidi ya kilo saba, na kuwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba anakuja kumpiga Gable. Taji lilikuwa jambo la pili.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Owings hakungoja, alishuka yeye.

Sekunde za mwisho

Maneno yale yalimfikia Gable. Baadaye amekiri kwamba kwa mara ya kwanza alijikuta akimfikiria mpinzani na kufuatilia anavyocheza, yeye aliyezoea kushughulika na mazoezi yake tu. Hapo ndipo uchambuzi wa kabla ya mchezo ulipoingia ndani ya mchezo wenyewe. Mtu aliyetangazwa kuwa hawezi kushindwa aliingia fainali akiwa na rekodi ya kulinda, mahojiano ya kutoa na kijana mmoja kichwani.

Owings alianza kwa kasi na kutangulia kwa pointi, hali ambayo Gable hakuizoea. Bingwa alirudi taratibu, akambana mwenzake chini, akakusanya muda wa kumtawala, na mwishowe akapita mbele 10 kwa 9. Ilibaki chini ya nusu dakika, na kwa hesabu ya kawaida kazi ilikuwa imekwisha: pointi ya muda wa kutawala ilikuwa tayari ya Gable.

Ndipo Owings alipomwangusha. Pointi mbili. Wakati wa kuanguka mgongo wa Gable ukaelekea zulia, na Owings akaung'ang'ania hapo mpaka refa akatoa pointi mbili nyingine. Ikawa 13 kwa 10. Ile ya muda ikaongezwa: 13 kwa 11. Enzi zile mtu angekuwa anabeti kwa simu kama leo, mikeka mingi ingechanika usiku ule.

Kwenye jukwaa la zawadi Gable alisimama nafasi ya pili ameinamisha kichwa, na ukumbi mzima ukainuka kumpigia makofi. Chuo chake kilichukua ubingwa wa timu, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ilikwenda kwa Owings.

Kilichofuata kimefanya pambano hili lisimuliwe mpaka leo. Mwaka 1971 Gable alikuwa bingwa wa dunia mjini Sofia. Mwaka 1972, katika mchujo wa Olimpiki, alikutana tena na Owings na kumshinda 7 kwa 1, kisha akaenda Munich kuchukua dhahabu ya kilo 68 bila mpinzani yeyote kumfunga hata pointi moja. Akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Iowa, mahasimu wakubwa wa chuo alichosoma, na kati ya 1976 na 1997 akakipa mataji 15 ya taifa, tisa kati yake mfululizo kuanzia 1978 hadi 1986. Mara nyingi amesema kwamba bila Owings asingefika huko. Owings hakutwaa tena ubingwa wa vyuo.

Bei ya mizani

Simulizi ya Owings kushuka kilo saba huvutia, lakini ndani yake mna jambo ambalo mchezo huu uliligharamia. Kwa miongo mingi, kujikausha kabla ya kupimwa kulihesabiwa kuwa ushujaa. Vijana walikimbia ndani ya suti za mpira, wakakaa kwenye vyumba vya joto, wakakataa hata maji, ili siku ya mizani sindano isimame walipotaka. Baada ya kupimwa walikuwa na saa nyingi za kula na kunywa mpaka warudiwe na nguvu.

Mwaka 1997, kati ya Novemba na Desemba, wanafunzi watatu wa vyuo vitatu tofauti walifariki wakijikausha kwa njia hizo. Baada ya hapo suti za mpira na vyumba vya joto vilipigwa marufuku, muda kati ya kupima na kupigana ukafupishwa ili anayejikausha kupita kiasi asipate nafasi ya kujirudisha, na madaraja yenyewe yakapandishwa. Pauni 142 ya Gable na Owings ikafutwa. Jirani zake wa leo ni 141 na 149. Kila mchezaji sasa hupimwa mwanzoni mwa msimu, ikiwa ni pamoja na maji mwilini, na kuwekewa kikomo asichoruhusiwa kukipita kushuka.

Kuhama daraja kungalipo, ila hatua zimekuwa fupi, na mara nyingi huwa ni za kupanda.

Namba moja wengine

Ingekuwa kosa kudhani kwamba namba moja daima huanguka. Cael Sanderson, wa chuo kilekile cha Gable, alitwaa mataji manne kuanzia 1999 hadi 2002 na kumaliza na ushindi 159 bila kupoteza. Kila mwaka orodha ilimtaja yeye, na kila mwaka orodha ilikuwa sahihi. Aliongeza dhahabu ya Athens mwaka 2004, na tangu 2009 ndiye kocha wa Penn State.

Mmoja wa vijana wake wa kwanza huko, David Taylor, alijikuta mahali pa Gable mwaka 2013. Alikuwa bingwa mtetezi wa pauni 165. Kyle Dake wa Cornell alikuwa amekwisha kutwaa mataji matatu katika madaraja matatu tofauti, 141, 149 na 157. Kwa taji la nne angeweza kubaki alipo. Akapanda kwenda kwa Taylor. Waandaaji walijua wanachokiuza: fainali ya 165 waliiweka iwe ya mwisho usiku ule mjini Des Moines, baada ya zile za wazito. Dake alishinda 5 kwa 4, mtu wa kwanza kuchukua mataji manne katika madaraja manne.

Kisha ikaja Machi 2025, mjini Philadelphia, daraja la pauni 285. Namba moja alikuwa Gable Steveson wa Minnesota, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo na bingwa wa vyuo mara mbili, aliyerudi chuoni baada ya kupitia mieleka ya televisheni. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa heshima ya Dan Gable. Namba mbili alikuwa Wyatt Hendrickson wa Oklahoma State, aliyehamia huko kutoka chuo cha jeshi la anga. Kocha wake alikuwa David Taylor, yule aliyefuatwa na Dake.

Steveson aliongoza 4 kwa 2 mpaka mwishoni kabisa. Siku hizi kumwangusha mtu kuna thamani ya pointi tatu, na Hendrickson aliipata yake katika sekunde za mwisho. Ikawa 5 kwa 4. Gable wa pili akapoteza fainali yake ya mwisho kwa namna ileile ya Gable wa kwanza: akiwa mbele, saa ikielekea kuisha, mpinzani akiwa hana cha kupoteza.

Basi orodha za Machi zisomwe, lakini zisomwe zote. Rekodi ya namba moja inaeleza alichowafanyia watu waliomwogopa, na hao ndio wengi wa waliokutana naye. Cha kutafuta ni jina lililokuwa daraja jingine mwaka uliopita, au lililowahi kupigwa naye likanyamaza. Sanderson alimaliza salama kwa sababu hata hao aliwashinda. Kwa wengine wote, hatari haikutoka kwa aliyekuwa bora kuliko wao. Ilitoka kwa aliyepanga msimu mzima kwa ajili ya pambano moja, wakati wao walipaswa kujiandaa kwa kila mtu.