Reale ya Sham na Tarehe Yake

Atiwaye mkononi reale ya Sham, jambo la kwanza asomalo ni tarehe: 1780. Tarehe hiyo imewapotosha wengi. Malkia Maria Theresia wa Austria alifariki mwaka huo, lakini sarafu yenye sura yake iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, kwa kuwa wafanya biashara wa Uhabeshi na Arabuni walikuwa wamekwisha kuizoea na kuiamini. Tangu 1935 ilipigwa Roma, tangu 1936 London, na pia Paris, Brussels na Bombay. Kwa hiyo mwenye kuichungua hana budi kuuliza maswali mawili: je, ni fedha ya kweli? Na je, ina umri gani?

Swali la kwanza hujibiwa kwa mizani. Reale timamu ina uzito wa gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Ipimwe hewani, kisha ipimwe ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Hapo hupungukiwa na gramu 2.75 hivi, ya shaba tupu yenye uzito ule ule itapungukiwa na zaidi ya gramu 3. Kisha utazamwe ukingo, penye maneno ya Kilatini yaliyoinuka, yaani Haki na Huruma. Aukataye ukingo ili aibe fedha huyaharibu maneno hayo, na mgushi amiminaye sarafu katika kalibu mara nyingi hushindwa kuyatoa wazi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Herufi S.F. zilizo chini ya sura ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, lakini viwanda vya baadaye viliziiga. Hapana budi kuchungua lulu za taji, bizimu ya begani na manyoya ya mkia wa tai, kwa maana humo ndimo chapa zinamotofautiana.

Wala uchakavu si ushahidi wa umri. Reale iliyovaliwa shingoni huchakaa upesi kuliko iliyofukiwa, na kovu la lehemu ukingoni laonyesha kwamba ilikuwa pambo. Weusi wake usisuguliwe kwa majivu wala ndimu. Msuguo huondoa pia alama ndogo tunazozitafuta.

Wenyeji wa pwani walikuwa na jicho hilo zamani. Waliitenga reale ya Sham na reale ya mzinga, ile ya Kihispania yenye nguzo mbili zilizofananishwa na mizinga. Majina hayo yalitokana na chapa na sifa ya njia ya biashara, si tarehe. Sham yenyewe haikuipiga sarafu hii.

Basi mtafiti aikutapo katika akiba iliyofukiwa, tarehe yamthibitishia jambo moja tu: akiba hiyo haikufukiwa kabla ya 1780. Yaweza kuwa ilifukiwa miaka 150 baadaye.