Mwarobaini na Mkilifi: Majina ya Dawa ya Tumbo Katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Katika nchi ya Wadigo, tangu Diani hadi Msambweni, mtu anayesumbuliwa na tumbo au minyoo huchemshiwa majani machungu ya mti uitwao mwarobaini, au kwa jina jingine mkilifi. Asili ya mti huo si Afrika bali ni Bara Hindi. Kwa sababu hiyo, majina yake yanastahili kuchunguzwa kama ushahidi wa historia.

Mwarobaini limetokana na arobaini, neno lenye asili ya Kiarabu, na wenyeji hufafanua kuwa mti huo huponya maradhi arobaini. Lakini arobaini katika desturi za Waislamu wa pwani ni hesabu ya ukamilifu: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na marehemu husomewa hitima siku ya arobaini. Hivyo jina hilo ni sifa zaidi kuliko hesabu. Na sifa isichukuliwe kuwa kipimo, kwani mafuta ya mbegu za mti huohuo yamewahi kuwadhuru watoto wachanga. Mkilifi, kwa umbo lake, laelekea kutokana na Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Jina moja lasifu kazi ya mti. La pili ladokeza njia uliyopitia. Yote mawili yamevikwa kiambishi cha ngeli ya miti, na mgeni akawa mwenyeji.

Dawa za msituni zina historia nyingine. Neno la Kidigo muhaso, sawa na dawa katika Kiswahili, laweza kutaja kitu cha kuponya mwili na pia kinga ya uganga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati huo ilizoea kumtaja mganga kwa neno moja lililounganisha mchawi na tabibu. Kwa tafsiri hiyo, hata mjuzi wa mizizi ya kuzuia kuhara aliangukiwa na kivuli cha tuhuma, na maarifa yake yakazidi kuwa ya faragha.

Mwarobaini hupandwa uani, na jina lake li midomoni mwa kila mtu. Miti ya kaya haina bahati hiyo. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilitangaza misitu ya kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 Kaya Kinondo, karibu na Diani, iliingizwa pamoja na kaya nyingine katika Urithi wa Dunia. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ilitolewa mwaka 2004. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, msitu waweza kuhifadhiwa na majina yake yakazikwa pamoja na wazee. Mti usiojulikana jina hauwezi kufundishwa matumizi yake, wala madhara yake. Kazi ya kuyakusanya majina hayo, kila moja pamoja na mmea wake, ni ya wanaisimu kama ilivyo ya matabibu.