Neno la leo: Ukili

Mtu akisema "nasuka mkeka", ameruka hatua. Mkeka hushonwa. Kinachosukwa ni ukili.

Ukili, wingi wake kili, ni utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu au miyaa. Pwani yetu, kuanzia Kimbiji ya Kigamboni hadi Unguja na Lamu, mikeka imetokana na kazi hii ya mikono. Ukindu hukaushwa, huchanwa, na ule wa nakshi huchemshwa ndani ya maji ya rangi: nyekundu, zambarau, kijani. Kisha vidole huanza, na mdomo haukatazwi kupiga soga. Ukili unavyorefuka huviringishwa kama gurudumu.

Urefu ukitosha, huchukuliwa shazia, sindano ndefu, upande ukaunganishwa na upande. Hapo ndipo kitenzi kinapobadilika: sasa tunashona.

Na kufuma? Hiyo ni kazi ya uzi: sweta, kofia ya sufu, vitambaa vya makochi. Ukitia nakshi kwa sindano juu ya nguo, unadarizi.

Mkeka ukichakaa huitwa mbacha. Ndiyo maana wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Basi na maneno haya tusiyaache. Ukinunua mkeka, muulize bibi aliyeushona umekula kili ngapi. Atakujibu kwa furaha, nawe utajua kwa nini bei yake si ya kupunguza ovyo.