Kuokolewa na Kuokoka: Uteule wa Mungu na Hiari ya Mwanadamu katika Lugha ya Wokovu, Gisenyi na Rwanda, 1901–2017

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mjadala wa kale wa Kikristo kuhusu uteule wa Mungu na hiari ya mwanadamu ulivyoingia Rwanda. Inadai kwamba mjadala huo uliingia kwa njia ya tafsiri zaidi kuliko kwa mabishano ya kiteolojia, na kwamba maneno yaliyochaguliwa kuubeba ndiyo yaliyoamua jinsi waumini walivyouelewa. Mfano mkuu ni mji wa Gisenyi, katika wilaya ya leo ya Rubavu, na misheni jirani ya Nyundo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno moja la Kinyarwanda lilianza kubeba mambo mawili: kuokolewa kiroho na kunusurika kuuawa. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa wafasiri na watunga sera, hasa baada ya Kiswahili kupewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda.

Utangulizi

Swali lenyewe ni kongwe. Je, anayeokoka huokoka kwa sababu Mungu alimteua kabla hajazaliwa, au kwa sababu yeye mwenyewe aliitikia wito? Agostino na Pelagio walishindana juu yake mwanzoni mwa karne ya tano, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Erasmus alipotetea hiari ya mwanadamu mwaka 1524, Martin Luther alimjibu mwaka 1525 kwamba hiari hiyo imefungwa na dhambi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kuwa neema hutangulia, lakini hiari ya mtu haizimwi, bali hushirikiana nayo. Sinodi ya Dordrecht ya mwaka 1618–1619 iliwahukumu wafuasi wa Arminius na kusisitiza kwamba uteule wa Mungu hautegemei jambo lolote lililoonwa mapema ndani ya mwanadamu.

Historia hii hufundishwa katika vyuo vya teolojia kana kwamba ilikoma Ulaya. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, hatua inayofuata ni muhimu vilevile. Mafundisho hayo yalipofika katika nchi za Maziwa Makuu yalilazimika kusemwa kwa vitenzi, nomino na majina ya watu yaliyokuwa tayari na maana zake. Makala hii inafuatilia maneno hayo.

Mapokeo matatu katika nchi moja

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walianzisha misheni ya Save mwaka 1900 na ile ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo. Agizo hilo linaonyesha mtazamo wa Trento kwa vitendo: Mungu huita, lakini anayeitwa hufundishwa, hupimwa na hudumu.

Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, wenye mapokeo ya Kilutheri na ya Kireformed, walifika mwaka 1907 na kuweka vituo Zinga na Kirinda. Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi yao ilirithiwa na Waprotestanti wa Ubelgiji. Urithi wa Wareformed hao unarudi hadi kwenye ungamo la imani la mwaka 1561 lililoandikwa na Guido de Brès, ungamo linalotamka waziwazi fundisho la uteule. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa Kanisa la Kipresbiteri la Rwanda.

Mapokeo ya tatu ni ya uamsho ulioibuka katika miaka ya 1930 kwenye misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa nchi, na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Vifungu vya imani vya Kanisa la Uingereza vina kifungu kizima, cha 17, kuhusu uteule. Hata hivyo, wanauamsho hawakuhubiri kifungu hicho. Walihubiri toba ya wazi, maungamo mbele ya wenzao na siku ambayo mtu angeweza kuitaja kuwa ndiyo siku aliyookoka.

Katika vitabu, basi, mapokeo hayo matatu yanatofautiana sana. Katika maisha ya kijamii tofauti hizo zilififizwa na siasa. Mwami Yuhi Musinga aliondolewa madarakani na Wabelgiji mwezi Novemba 1931, na mwanawe, Mutara Rudahigwa, akatawazwa. Machifu wengi waliingia Ukatoliki na watu wao wakawafuata kwa makundi makubwa. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Usemi uliotumika kuwaelezea waongofu wa wakati huo, “irivuze umwami”, yaani neno la mfalme ndilo linalofuatwa, unadokeza hiari ya namna nyingine. Haikuwa hiari ya nafsi moja mbele ya Mungu, bali uitikiaji wa jamii mbele ya mtawala.

Mungu na Imana

Kuna jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili hawana budi kulizingatia. Kwa miongo kadhaa, katekisimu ya Kikatoliki nchini Rwanda ilimtaja Muumba kwa neno la Kiswahili “Mungu”, si kwa neno la Kinyarwanda “Imana”. Wamisionari walihofia kwamba Imana lilifungamana mno na dini ya wenyeji. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wa kileksika. Imana lilimtaja Muumba, lakini pia lilitaja heri na bahati. “Kugira Imana” ni kuwa na bahati njema. Katika ramli, mnyama aliyetoa ishara nzuri naye aliitwa imana.

Waprotestanti walichukua njia nyingine, na Biblia yao ya Kinyarwanda inatumia Imana. Baadaye wasomi Wakatoliki wa Kinyarwanda, miongoni mwao Padri Alexis Kagame, waliithibitisha hadhi ya kifalsafa ya dhana hiyo. Huko Nyundo, Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 akiwa askofu Mwafrika wa kwanza katika makoloni ya Ubelgiji, alikusanya methali, mila na miiko ya Wanyarwanda kwa bidii isiyo na kifani. Kazi yake ilionyesha kwamba lugha ya wenyeji tayari ilikuwa na teolojia yake.

Teolojia hiyo inaonekana zaidi katika majina ya watu. Hakizimana ni kusema Mungu ndiye aponyaye na aokoaye. Hategekimana, Mungu ndiye atawalaye. Harerimana, Mungu ndiye aleaye. Katika majina haya mtendaji ni mmoja tu. Methali nayo inasema “Imana iraguha ntimugura”: Mungu hukupa, hamfanyi biashara. Msemaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja methali ya pwani, “Jitihada haiondoi kudura.” Itakuwa kosa, hata hivyo, kuziita semi hizi imani ya kukata tamaa. Mwenye kusema “Mungu akijalia” huondoka alfajiri kwenda shambani. Semi hizo huweka mpaka wa uwezo wa mtu, wala hazimwondolei wajibu. Hoja ni kwamba mhubiri aliyefundisha uteule, awe Mpresbiteri au Mkatoliki, aliwakuta wasikilizaji wenye sarufi iliyokwisha kumpa Mungu nafasi ya kiima.

Kuokolewa na kuokoka

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotokana na “kuokoa”. “Kuokolewa” ni kauli ya kutendwa: yupo mwokozi, hata asipotajwa. “Kuokoka” haimhitaji mtendaji. Kwa umbo, kitenzi hiki kinafanana na “kuondoka” kinachohusiana na “kuondoa”. Aliyeondolewa ameondolewa na mwingine, ilhali aliyeondoka amekwenda mwenyewe. Ndivyo “kuokoka” kilivyosogea, katika lugha ya mahubiri, kutoka hali ya kutoka salama hadi tendo la uamuzi. Mhubiri anaweza kuamuru “Okoka leo!”, na amri hiyo haina mfano wa kawaida katika kauli ya kutendwa. Msikilizaji akiitikia husema “Nimeokoka”, na kiima cha sentensi ni yeye.

Luganda kilitoa “kulokoka”, na kutokana nacho “balokole”, jina la wanauamsho. Kiswahili kikapata “mlokole” na “walokole”, Kinyarwanda “abarokore”. Kando yake Kinyarwanda kina “gukizwa”, kuokolewa, kinachotokana na “gukiza”, kuponya au kuokoa. Mzizi huohuo unatoa “gukira”, ambacho ni kupona na pia kutajirika. Tajiri huitwa “umukire”. Hivyo neno la wokovu linagusa afya na mali kwa pamoja. Max Weber alidai mwaka 1904–1905 kwamba Wakalvini walitafuta ishara za uteule wao katika mafanikio ya kazi. Katika Kinyarwanda uhusiano wa wokovu na mafanikio haukuhitaji Ukalvini, kwani umo ndani ya mzizi wa kitenzi. Mahubiri ya kisasa ya utajiri kama ushahidi wa wokovu yanapata hapo udongo uliokwisha kulimwa.

Inaweza kusemwa, basi, kwamba mgogoro wa Dordrecht uliingia Afrika Mashariki ukiwa umejificha ndani ya viambishi. Anayesema “nimeokolewa” anasimama karibu zaidi na Agostino, na anayesema “nimeokoka” karibu zaidi na Arminius, ingawa wote wawili wanaweza kuketi kwenye benchi moja la kanisa bila kutambua tofauti.

Mwaka 1994 na neno lililobeba mizigo miwili

Tofauti hiyo ilikoma kuwa ya kitaaluma mwaka 1994. Katika Kinyarwanda, walionusurika mauaji ya kimbari huitwa “abarokotse”, kutoka kitenzi kilekile “kurokoka”. Jina jingine ni “umucikacumu”, aliyeponyoka mkuki. Kwa kuwa neno la pulpiti na neno la kumbukumbu ni moja, swali la uteule lilirudi likiwa na makali mapya. Ikiwa aliyebaki alibaki kwa sababu Mungu alimteua, aliyeuawa aliachwa na nani? Watu waliokimbilia Nyundo, kwenye majengo ya Kanisa, waliuawa humohumo. Hakuna fundisho la uteule linalopaswa kusemwa kwa namna inayowageuza marehemu hao kuwa wasioteuliwa.

Upande wa pili wa swali unahusu waliotenda. Kumtaja shetani, au kudai kwamba yaliyotokea yaliandikwa, ni kumwondoa mtendaji kwenye sentensi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012 baada ya kushughulikia kesi zipatazo milioni 1.9, zilidai kinyume chake. Aliyetaka kukiri kwake kukubaliwe alitakiwa kusema alifanya nini, wapi na pamoja na nani. Makanisa nayo yalikumbana na swali la kiima. Mwezi Machi 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini wake waliotenda kinyume cha Injili. Desemba mwaka huohuo, Wakristo wa Rwanda na wa nchi za Magharibi waliokutana Detmold, Ujerumani, waliungama kwa niaba ya makundi yao. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya waumini, na Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake.

Gisenyi yenyewe inatoa mfano ambao haupaswi kukosekana katika mjadala huu. Félicité Niyitegeka, mlei Mkatoliki mwenye asili ya Kihutu, alikuwa akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro mjini humo. Aliwahifadhi Watutsi waliomkimbilia na kuwasaidia baadhi yao kuvuka mpaka kuelekea Congo. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili ajinusuru. Alimjibu kwa barua, akakataa. Mwezi Aprili 1994 aliuawa pamoja na wale aliokataa kuwaacha. Taifa limemweka miongoni mwa mashujaa wake katika daraja la Imena.

Jina lake, Niyitegeka, maana yake ni kwamba Mungu ndiye atawalaye. Alilibeba jina linalomkabidhi Mungu amri yote, kisha akafanya uamuzi ambao hakuna mwingine angeweza kuufanya kwa niaba yake. Kwake utawala wa Mungu haukuwa sababu ya kukwepa uamuzi. Na yeye aliyejitoa kwa ajili ya wengine hayumo katika hesabu ya abarokotse. Kwa hiyo kunusurika hakuwezi kuwa kipimo cha wokovu.

Hitimisho na mapendekezo

Makala hii haikukusudia kuamua kati ya Agostino na Pelagio, wala kati ya Dordrecht na Trento. Imeonyesha kwamba, katika Rwanda, swali la uteule na hiari limeishi ndani ya maneno kuliko ndani ya maungamo ya imani, na kwamba maneno hayo yana athari nje ya kanisa. Mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, Kiswahili kilipopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, haja ya kutafsiri ushahidi na kumbukumbu za mwaka 1994 iliongezeka. “Abarokotse” itafsiriwe kwa “manusura” au “walionusurika”, wala si kwa “waliookoka”. Hasa katika ukanda wa Gisenyi na Goma, ambako Kiswahili husikika sokoni na kanisani kila siku, neno la pili litapokewa kwa maana ya dini.

Pili, sheria ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini inadai elimu ya teolojia kwa wahubiri. Vyuo vinavyotoa elimu hiyo vifundishe mjadala wa uteule kwa Kinyarwanda na Kiswahili, si kwa Kifaransa au Kiingereza pekee. Mhubiri asiyejua uzito wa kitenzi anachokitumia anaweza kumjeruhi mjane kwa sentensi aliyodhani ni ya faraja.

Tatu, vifaa vya elimu ya upatanisho vitumie sentensi zenye mtendaji. “Watu waliuawa” ni kweli isiyotosha. Nani aliwaua ni sehemu ya ukweli huo. Mkristo anaweza kuendelea kukiri kwamba Mungu ndiye atawalaye. Ungamo hilo halimzuii, na kwa mujibu wa mapokeo yote matatu yaliyojadiliwa hapa halimwachilii, kutaja kwa nafsi ya kwanza umoja yale aliyoyatenda.