Umeme Unaliwa na Nani? Kutoka Bili ya Mwezi Hadi Plagi Janja

Ugomvi wa umeme katika nyumba za kupanga una historia yake, na bibi harusi anayehamia Dar es Salaam ni vizuri aijue kabla hajawasha friji lake jipya.

Umeme ulifika Dar mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Mnazi Mmoja (ya Dar, si ile yetu ya Unguja) ulikuja kuwa uwanja wa wazi uliotenganisha mjini na Kariakoo, walikoishi Waafrika. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni za DARESCO na TANESCO. Umeme ulipoingia majumbani, nyumba ilipata mita moja na bili ikaja baadaye, wakati umeme umeshatumika na hakuna anayekumbuka nani aliwasha nini.

Miaka ya 1990 ikaja LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Kwetu visiwani tunayo TUKUZA ya ZECO. Sasa uniti zikaonekana zikishuka, lakini mita inahesabu nyumba nzima, haihesabu chumba. Katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba huku na huku, wapangaji wanachanga sawa. Uniti zikiisha mapema, macho yote yanamgeukia mwenye friji, au fundi cherehani. Sisi tunaoshona tunayajua macho hayo.

Plagi janja ya kupimia umeme ndiyo hatua inayofuata. Inachomekwa kwenye soketi, kifaa kinachomekwa juu yake, na simu inaonyesha wati na uniti zilizotumika. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati 1,000 zikiwaka saa moja mfululizo ni uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inafika hapo kwa saa moja ikiwa haijajizima. Mota ya cherehani ya wati 100 inahitaji saa kumi. Kumbe mtuhumiwa alikuwa pasi!

Friji lipime saa 24 kamili, maana linawaka na kuzima. Likionekana halipumziki, kagua mpira wa mlango, au pengine limebanwa ukutani likakosa hewa. Runinga na king'amuzi vipime vikiwa vimezimwa kwa rimoti tu, uone vinavyoendelea kula usiku. Pima kila kifaa kwa wiki, andika kwenye daftari, kisha kaeni wapangaji mkubaliane mchango kwa matumizi.

Tahadhari moja: soma ampea zilizoandikwa kwenye plagi. Ya ampea 10 inabeba takriban wati 2,300, kwa hiyo usiichomeke birika kubwa la umeme wala jiko. Ikipata moto, ichomoe.

Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo. Anayewasha pasi kila asubuhi akachangia sawa na mwenye taa moja, anakula haki ya jirani hata kama hakukusudia. Na anayemsingizia jirani bila kipimo anabeba dhana mbaya. Ndoa mpya inahitaji majirani wema kuliko inavyohitaji friji kubwa. Allah atujaalie uadilifu hata katika vitu vidogo. Amin.